Vikombe Vinavyomsubiri Mgeni Asiyekuja

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada, mwenzio nazama, maana binti yangu Nirmin amenifungia mlango wa chumba chake tangu Ijumaa na sababu ni vikombe, ndiyo, vikombe, vile vya kaure vyenye ukingo wa dhahabu nilivyovichagua mwenyewe nilipokuwa mchumba, vimo kwenye kabati la vioo sebuleni kama kwa kila mwanamke wa heshima hapa Tanta, na ufunguo nalala nao, hata baba yake Nirmin hajawahi kuvinywea, chai yake hunywa kwenye chupa tupu ya jemu na hajafa. Basi Ijumaa walikuja Ihab, mchumba wa Nirmin, na mama yake kupanga siku ya harusi, nikaondoa mashuka niliyofunikia makochi, nikawakatia keki ya basbusa, na chai nikawatilia kwenye bilauri za jikoni, kwa kuwa Mama Ihab ana mikono ya kuzungumzia, hasemi neno bila kupunga, nikahofia, naye akalitazama kabati, akaitazama bilauri yake, akalitazama tena kabati, kisha mlangoni akaniambia, "Mama Nirmin, mwenzangu, hao wageni wa vikombe vile wakifika, tuite na sisi tuje tuwaone." Siku ya harusi haikutajwa. Ihab hapokei simu za Nirmin, na mume wangu anacheka tu: "Mimi umeninywesha chupa ya jemu miaka yote, mbona sikukimbia!" Sasa dukani nimeona seti nyingine, ya wastani, si ya kabatini wala si ya jikoni, ya kuwapa wakwe, je, niinunue?

Mama Nirmin, Tanta

Mama Nirmin, pole. Lakini hiyo seti ya wastani iache hukohuko dukani. Umeshamdharau mkwe kwa bilauri, sasa unataka kumwonyesha kwamba umemtafutia daraja lake?

Tulia nikueleze. Mtu akiingia dukani hununua vitu viwili: kitu chenyewe, na sura yake mwenyewe akiwa nacho. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ana viatu ghali vya kukimbilia, na anavivaa kwenda kununua maharage ya ful ya asubuhi. Hakununua viatu yule, alinunua ujana. Nawe siku ile ya kuchagua vikombe ulimnunua bibi mtukufu anayepokea mabalozi. Mabalozi hawajafika Tanta. Bibi wa watu yumo kabatini bado, anakutazama kupitia kioo, nawe mwenye nyumba umekuwa bawabu wake. Unachoogopa kuzoa sakafuni si kaure, mama, ni yeye. Na kwa ajili yake uko tayari mwanao akose mume!

Fungua kabati leo. Vioshe vikombe, najua vina vumbi. Cha kwanza mtilie chai mzee wako, amevumilia jemu ya kutosha. Kisha funga viwili kwa taulo, vitie kwenye mkoba, uende mwenyewe kwa Mama Ihab, simu haitoshi. Mwambie, "Wale wageni wa vikombe wamefika, dada yangu. Ni wewe." Mnywe hapo hapo kwake, na umwache azungumze kwa mikono yake yote miwili.

Kikombe kikianguka, usitazame chini. Mtazame yeye usoni, umwulize harusi ni lini.