Chungu cha Bi Bhanumati

Mwaija,

Mtama na choroko vinachemka jikoni. Vikilainika, tia biringanya, manjano na bizari, basi.

Asubuhi baba yako, mpishi wetu mpya, alionja chungu cha kwanza, akasema hakina ladha, akatia dagaa. Jirani yetu Bi Bhanumati hali nyama wala samaki, na kesho, baada ya miaka tisa ya kumwalika, ndiyo amekubali kula kwetu. "Kwani atajua?" kaniuliza baba yako. Mimi nitajua.

Chakula hicho cha dagaa ~~wape kuku~~ mpe baba yako mwenyewe, mchana na jioni, aisifie ladha yake.

Nilipofika mlangoni nikakumbuka: hata chungu hiki kilichoko motoni, juzi nilipikia samaki, wale sato. Nakwenda Igogo kununua chungu kipya. Kinachochemka tutakula sisi; cha Bi Bhanumati tutaanza kesho alfajiri.

Baba yako usimwambie. Atacheka mpaka Idi.

Mama yako