Sajini Bega Amerudi Bila Wewe

Mwalimu Barasa,

Sitakuuliza habari, maana nimekukasirikia. Nilikasirika tangu wiki ya matanga yako, nikadhani itapoa yenyewe. Haikupoa, na baada ya yale yaliyotokea Kitale Jumamosi iliyopita imezidi. Kwa hivyo nisikilize mpaka mwisho. Ukiwa hai ulikuwa unainuka katikati ya maneno yangu kwenda kuangalia jenereta. Sasa huna jenereta.

Sajini Bega amerudi. Miaka kumi na moja ulikuwa ukiwaambia watu wa Kanduyi, "Filamu ya nne inakuja, kaeni tayari bana," na wao wakikucheka. Trela ilitoka mwezi mmoja na nusu baada ya sisi kukuzika. Nilikuwa nafua nguo simu ikaanza kulia bila kupumzika, na nilipoifungua nikamwona: ndevu zimepakwa rangi nyeusi, bega la kushoto bado limeinama, anatembea kwenye moshi. Nilikaa chini kwenye matope, Mwalimu. Jambo la kwanza lililonijia ni kukupigia. Nikalitafuta jina lako, nikaliona, nikakumbuka.

Wale mashabiki wa grupu ya simu walipata wazimu. Unawajua. Mmoja wa Kachibora akaahidi kufunga bega kitambaa cheusi mpaka siku ya filamu, na kesho yake watu ishirini wakatuma picha wamefunga vitambaa, wengine kazini. Kisha mtu akagundua kijana fulani kwenye trela, anatafuna chingamu, amesimama mbele ya Sajini badala ya nyuma yake. Vita vikaanza. "Ati huyu ndio steringi mpya, shujaa wetu? Huyu?" Wengine wakasema ni mtoto wake wa siri. Wengine wakasema ni msaliti, atauawa mapema. Walitukanana wiki nzima juu ya filamu ambayo hakuna aliyeiona. Na kila baada ya matusi kumi mtu alikuwa anaandika: Barasa angekuwepo angetuambia.

Hapo ndipo nilipokuwa naizima simu.

Kwa sababu wewe na mimi tunajua. Unakumbuka nilivyoanza kazi kwako? Nilikuwa nauza njugu nje ya ukuta wa mabati wa ukumbi wako wa video pale Kanduyi, ulikokuwa ukiwatafsiria watu filamu za Kizungu, nimemaliza shule na sina mahali pa kwenda. Kule ndani afande wa filamu aliwaambia askari wake "Hold your fire", yaani wasifyatue risasi, na wewe ukatangaza kwenye maiki kwa ile sauti yako ya radi, "Kila mtu ashike moto wake!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilicheka mpaka njugu zikamwagika. Filamu ilipoisha ulitoka nje ukaniuliza, "Wewe msichana, unacheka nini?" Nikakwambia alichosema afande. Hukukasirika. Ulitazama huku na huku kama kuna mtu anasikia, ukaniambia nije kesho, niingie kwa mlango wa nyuma.

Nikaingia kwa mlango wa nyuma miaka mingi. Nilikaa kwenye kigoda karibu na goti lako, chini ya meza, watu wasinione. Nilikunong'onezea maana, wewe ukaipa mbawa. Sikatai, sauti ilikuwa yako. Mzaha ulikuwa wako. Sajini alipompoteza mkewe kwenye ile ya pili, mimi nilinong'ona tu, "Anasema hana tena wa kumwambia mambo," na wewe ukanyamaza muda mrefu kabla ya kulisema, na wanaume wakalia. Mimi nisingeweza hivyo. Lakini kila nilipokuomba maiki, hata kwa dakika tano, jibu lako lilikuwa lile lile: "Nafula, vita haitafsiriwi na mwanamke. Watu watatoka." Kisha mwaka jana, ukiwa umeanza kuchoka, ukasema yale uliyosema. "Ya nne ikikuja, hiyo ni yako."

Nililiamini hilo neno. Ulinidanganya?

Maana kwenye mazishi kule Kamukuywa niliwasikia wote wakikusifu. Ati Barasa alikuwa na Kizungu kuliko walimu wa shule. Ati alijifundisha mwenyewe. Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai, nikainamisha kichwa. Na siku chache kabla ya filamu kufika, nikasikia kwamba Masika, yule mwenye ukumbi wa video Kitale, ana sauti yako. Ulimpa flashi yenye filamu zote tulizorekodi, wiki mbili kabla ya kifo chako. Yeye! Mtu aliyekuita kelele za sokoni. Mimi hukunipa hata moja.

Akaweka bango: SAJINI BEGA AMERUDI, NA SAUTI YA MAREHEMU BARASA.

Nilienda. Saa nane mchana ukumbi ulikuwa umejaa mpaka watu wamekalia kreti za soda, vitambaa vyeusi mabegani, na wale wa Kachibora wamekuja na vuvuzela. Nilikaa nyuma. Taa zikazimwa, jina lake likatokea, watu wakapiga kelele nikasikia mabati yanatetemeka. Ningedanganya nikisema moyo wangu haukuruka.

Kisha sauti yako ikatoka.

Mwalimu, Masika alikuwa amekukatakata. Kipande cha filamu ya kwanza, kipande cha ya tatu, akavibandika juu ya hii mpya popote mtu alipofungua mdomo. Daktari mwanamke anaongea, wewe unanguruma, "Leo mtanijua!" Mlango unafungwa, wewe unacheka. Mwanzoni watu walishangilia kukusikia tu. Halafu Sajini akapigwa risasi. Robo saa haijaisha, wamemuua! Kijana wa chingamu anamtazama pale chini, anamvua Sajini koti lake, analivaa. Na juu ya ile maiti sauti yako ikasema kwa furaha, "Simama Sajini, kazi bado!"

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alisema tu, "Aibu," kwa sauti ya kawaida, na baada yake ukumbi mzima ukalipuka. Chupa zikaruka. Watu walikuwa wanamtukana Masika, wanaitukana filamu, wanamtukana yule kijana kwenye skrini kama anaweza kuwasikia. Masika akaizima, akasimama mbele mikono juu, na ile lafudhi yake, "Rakini ni sauti yake kweri! Ni yake!" Wakamzomea mpaka akarudi nyuma.

Sijui nani aliniinua. Nilijikuta niko mbele, namnyang'anya maiki. Nikasema, "Anzisha tena pale alipopigwa. Nitatafsiri mimi."

"Wewe nani?"

"Nafula. Nilifanya kazi na Barasa."

"Ulikuwa unauza njugu!" mtu akapaza sauti, wakacheka. Mwingine, "Mama, rudi jikoni!" Watu kama thelathini walitoka palepale. Kwa hiyo ulisema kweli, unaona? Walitoka. Lakini wengine walibaki wamekaa, pengine kwa sababu walikuwa wamelipa, na Masika akaianzisha.

Nilianza vibaya. Nilijaribu kunguruma kama wewe, sauti ikapasuka, wakanizomea. Basi nikaacha. Nikasema tu walichokuwa wanasema, kwa sauti hii niliyo nayo. Yule kijana alipovaa koti akasema zamu ya wazee imekwisha, nikatafsiri hivyo hivyo, kisha nikaongeza, "Amesema yeye, si mimi. Mkimpiga, mpigeni yeye." Wakacheka. Kicheko cha hasira, lakini kicheko. Baada ya hapo nikawa nawapa maneno, na wao wanaijibu filamu. Kijana akijigamba, wanamzomea. Akianguka, wanashangilia. Ni filamu mbaya, Mwalimu. Nasema nikijua. Wamechukua mtu aliyetulea wakamfanya ngazi ya mtu mwingine kupandia. Tuliichukia pamoja mpaka mwisho, na ilipokwisha baadhi yao walinipigia makofi. Wachache.

Jioni hiyo hiyo grupu iliwaka. Filamu ni takataka. Masika ni mwizi wa makaburi. Na Nafula? Nafula ameharibu kila kitu. "Barasa angekuwa hai hangetafsiri hivyo. Kizungu chake kilikuwa kamili. Huyu mama anabahatisha tu."

Anabahatisha. Hilo neno ndilo lililonimaliza. Nilibonyeza simu nikaongea, sikupanga. Nikawaambia kila kitu: kigoda, mlango wa nyuma, kwamba kila neno la Kizungu ulilowahi kulitafsiri lilipita mdomoni mwangu kwanza. Nikatuma.

Nimekuvua nguo mbele ya watu wako, ukiwa kaburini, huwezi kujitetea. Najua. Waliniita mchawi, mwongo, mtu wa kutafuta jina kwa mgongo wa marehemu. Mmoja alisema ningekuwa karibu angenifunza adabu. Nilisoma jumbe zote. Nusu yangu ilikuwa na hasira, na nusu nyingine haikuwa na hakika kama nimefanya haki.

Kisha akaandika Mzee Hamisi. Yule fundi cherehani wa karibu na msikiti pale Bungoma, ambaye haandikagi kamwe. "Mimi nilikaa benchi ya mbele miaka yote," akasema. "Kila mara nilisikia sauti ya chini kwanza, halafu ya juu. Nilidhani Barasa ana jini. Kumbe ni wewe, binti yangu. Pole kwa kukaa chini ya meza." Mimi nililia hapo, si kwenye mazishi yako.

Juzi nilienda kwa mke wako, Mama Sifa. Nilitaka nisikie kutoka kwake kwa nini flashi ilienda Kitale. Alifuta mikono kwenye leso akaniambia alikuuliza swali hilo hilo, yeye mwenyewe, na ukamjibu, "Nafula haihitaji." Basi. Anasema ulimaanisha jambo zuri, kwamba mimi siwezi kuishi kwa kuigiza sauti ya mtu. Pengine. Au ulikuwa umechoka, Masika akaja siku ambayo mimi sikuja, ukampa. Ulikuwa na wiki mbili nzima za kunieleza, na kila siku niliingia kwa mlango wa nyuma nikakuletea uji. Mdomo ulikuwa nao. Watu wa Trans-Nzoia na Bungoma yote waliusikia mdomo wako, mimi tu sikuusikia.

Hii ndiyo ahadi yangu. Jumamosi ijayo naitafsiri tena filamu hiyo, Kanduyi, kwa mlango wa mbele, nimekaa kwenye kiti. Hata kama ni mbaya, watu wana haki ya kuichukia wakiielewa. Watakaotaka kutoka watatoka. Sauti yako haitasikika humo ndani tena. Masika amenirudishia flashi, kwa woga tu, na nimempa Mama Sifa aiweke na nguo zako.

Kwaheri, Mwalimu. Sijakusamehe, nisije nikakudanganya. Disemba nitakuja Kamukuywa tusafishe kaburi pamoja na mke wako, na nikiwa bado na hasira nitakuja nayo, nitang'olea nayo majani.

Nafula