Siku Tatu Nilizokufungisha

Dada Akello,

Tangu tukuzike sijakuandikia, kwa sababu kila siku nakuona. Najua wewe huogopi kitu. Anayeogopa ni mimi.

Kwanza zilikuja ndara zako, zile ulizokuwa ukiziburuta uani hapa mtaani kwetu Munuki, shaa, shaa, mpaka nikawa nakutania kwamba unafagia bila ufagio. Mwezi wa pili baada ya mazishi, saa sita mchana, nikazisikia tena. Nilikuwa nachambua maharage. Nikaganda. Shaa, shaa, zikapita nyuma yangu, zikasimama mlangoni, pale pale ulipokuwa ukipumzika. Nilipogeuka nilimwona Lamunu, binti yako wa miaka kumi na mmoja, ameegemea mlango kama bibi kizee. Alikuwa amevaa ndara zake mwenyewe.

Kisha ikawa zamu yangu. Asubuhi moja nilijitazama kwenye kioo, kope la kushoto limeshuka. Nikaliinua kwa kidole, likashuka tena. Lilikuwa jicho lako lile lililolegea, Dada. Sokoni Konyo Konyo yule mama wa bamia, mteja wako, akaniita kwa jina lako, halafu akajishika mdomo. Siku hizi haji tena kwenye duka letu la vitenge.

Nikamchukua Lamunu, tukapanda basi hadi Kampala. Daktari, mama mpole, alituchukua damu, akauliza habari zako na za marehemu Mama. Majibu yalikawia wiki nyingi. Ni ugonjwa wa mitokondria. Ndani ya mwili kuna vitu vidogo mno, havionekani kwa macho, vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Vyetu ni vibovu, na tumevirithi kwa Mama. Ndiyo maana kusuka nywele tu kulikuchosha. Hakuna dawa ya kuuponya. Halafu akaniambia, "Mtoto huyu asikae na njaa. Njaa inaweza kumuua."

Dada, nilitoka nje nikamnunulia Lamunu maandazi, nikamsimamia mpaka akamaliza.

Unakumbuka kwa nini. Kundi letu la maombi lilisema una roho ya usingizi, na roho hiyo haitoki ila kwa kufunga. Siku tatu, bila chakula wala maji. Siku ya pili uliniomba uji. "Mdogo wangu, kidogo tu." Nami nikaificha sufuria, nikakuambia vumilia, Yesu yuko karibu. Nilifanya kwa kukupenda, wallahi kwa kukupenda! Siku ya tatu ulianza kuhema mbiombio, kisha hukuamka. Kwenye mazishi walinisifu kwa imani yangu, na mimi nikazipokea zile sifa.

Sasa Mama Kiden, kiongozi wa kundi, amemwona Lamunu akisinzia ibadani. "Malesh, pole mama," akaniambia, "huyu mtoto iko na ile roho ya mama yake. Wiki kesho tunafunga na yeye siku tatu, kalas, imekwisha." Ameshatangaza. Si mtu mbaya. Kaburini alilia kuliko mimi.

Nimemkatalia, lakini kumkatalia hapa uani hakutoshi. Kanisani kuna watoto wengine wanaochoka hivyo hivyo, na mama zao wanaambiwa wawafungishe. Kwa hiyo Jumapili nitasimama mbele ya watu wote. Nitautaja ugonjwa kwa jina lake, nieleze namna daktari alivyonieleza. Nitasema hukuwa na roho yoyote, ulikuwa na njaa, na aliyekunyima uji ni mimi. Sijui huko itakuwaje. Watanong'ona kwamba na mimi nimeingiwa. Wanong'one. Lamunu atakaa benchi la mbele kabisa, akila chapati yake, ibada ikiendelea.

Nakuahidi, maadamu mimi ni mzima, mwanao hatafunga hata siku moja.

Kwaheri, Dada yangu. Kama umenisamehe, nakuomba usinipe ishara. Nimekuona vya kutosha.

Mdogo wako,
Aber