Siku Niliyokuwa Mwanamume

Zuhura mjukuu wangu, salamu tele kutoka Lozells, huku ughaibuni. Mjomba wako yuko kazini, baridi nayo iko kazini, mimi nimebaki na tivii. Umeniuliza, yule mwanamke wa kwenye dividii ya Kichina, aliyejivika kiume akawa waziri wa mfalme, mbona analia na hakuna aliyemgundua?

Ewe mtundu, umemuuliza fundi! Siku wanaume walipokutana kwetu kupanga nani anioe, nilivaa kanzu ya kaka, kofia nikaishusha hadi nyusi, nikakaa kati yao. Nilipendeza kuliko wote! Baba akanipa kahawa: "Karibu, mgeni. Kwenu wapi?" Nikajibu kwa sauti nzito, akaamini. Nimeshinda, na baba yangu hanijui.

Kumbe viatu nimevua mlangoni, na miguu ina hina ya Idi! Baba akaiona. Akaifunika kwa joho lake taratibu, akawaambia wenzake, "Posa hii ingoje. Binti yangu sijamuuliza."

Nililia palepale, mwanamume mzima. Huku Lozells watu wananisalimia vizuri sana, mwanangu. Ila hakuna anayeniangalia miguu.

Bibi yako anayekupenda,
Bi Mwanaisha