Televisheni Iliyoanguka Buterere: Maelezo ya Houda binti Tajudini

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, kaskazini mwa Jiji la Bujumbura
Tarehe 29 Aprili 2025, asubuhi

Jina: Houda binti Tajudini
Umri: Miaka 57
Kazi: Muuza vitenge
Makazi: Buyenzi, Bujumbura
Uhusiano na wahusika: Mama mlezi wa Sumaya, mke wa mlalamikaji

Nimeulizwa kama namfahamu Bwana Shakuru, aliyeleta mashtaka haya. Namfahamu. Ni mume wa Sumaya, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea tangu hajaota meno. Afisa ameniomba nisimtukane mlalamikaji. Nitajitahidi.

Shakuru ni dereva wa mkubwa mmoja anayekaa Kinanira. Nasema dereva kwa sababu ndivyo anavyojiita. Tangu mafuta yawe shida, gari la huyo mkubwa limesimama uani, na kazi ya Shakuru ni kulifuta vumbi. Anavaa tai kwenda kulifuta vumbi. Huko Kinanira, kupitia mlango wa sebule ya mkubwa, ndiko alikoiona televisheni pana kama kitanda, na tangu siku hiyo hakuwa na mazungumzo mengine.

Anayelisha nyumba ni Sumaya. Ananunua samaki, mukeke na ndagala, kwa wavuvi, anawagandisha kwenye konjelateri yake, anawauzia kina mama wa Buterere, mtaa anakokaa na Shakuru. Konjelateri hiyo aliinunua kabla hajaolewa. Aliingia nayo kwenye ndoa. Shakuru aliingia na redio.

Siku ya Idi watoto wao wawili walishinda dirishani kwa jirani yao, Consolate, wakitazama katuni kupitia nondo. Consolate ni mtu mwema, aliwaingiza ndani akawapa na soda. Lakini Sumaya aliona haya. Akaniambia, "Mama, tutanunua tele yetu, ndogo tu. Unisindikize, maana Shakuru akienda peke yake atarudi na sinema."

Mnamo tarehe 5 Aprili, siku ya Jumamosi, tulikwenda watatu kwenye duka moja la vifaa vya umeme Rohero. Tulikwenda kwa miguu kwa sababu mabasi hayakuwepo. Muuzaji alikuwa kijana anayeitwa Armel, ambaye kichwani alikuwa na mafuta mengi kuliko vituo vyote vya mji huu.

Sumaya aliuliza mambo ya maana. Aliuliza inakula umeme kiasi gani. Aliuliza umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, kama unavyorudi kwetu, itaungua au haitaungua. Aliuliza kama itakubali kisanduku cha chaneli ambacho Consolate alitaka kumwachia. Alieleza kwamba sebule yao ni ndogo, ukikaa kwenye kiti ukanyoosha miguu unakaribia kugusa ukuta wa mbele. Kila alipouliza, Armel alimjibu Shakuru.

"Patroni," alimwambia, "hii ya inchi thelathini na mbili iko ya chumba ya mutoto. Mutu mukubwa anabeba sabini na tano."

Shakuru alikuwa tayari amesimama mbele ya hiyo ya sabini na tano. Ilikuwa inaonyesha samaki wa rangi wanaogelea kwenye mawe. Alisimama pale mdomo wazi mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Mke wake ana samaki wa kweli nyumbani, ndio wanaomvisha hata hiyo tai, na sijawahi kumwona akiwatazama hivyo.

Sumaya aliomba wawashe ile ndogo. Armel aliiwasha kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa kitu kichafu. Ikatoka taarifa ya habari. Picha ilikuwa safi, sauti ilisikika vizuri. Sumaya alirudi nyuma hatua chache, akakaa kwenye boksi, kipimo cha kiti chao, akatazama. Akasema, "Hii inatutosha." Tukakubaliana. Alitoa malipo ya mwanzo, na Shakuru akaahidi kurudi kuichukua yeye mwenyewe wiki ifuatayo, ili mkewe asihangaike na mzigo.

Aliniambia, "Sawa, mama. Ndogo ni ndogo." Nilimwamini. Hilo ni kosa la siku moja na sitalirudia.

Katikati ya mwezi tulipata msiba Rumonge, mimi na Sumaya tukaenda kuzika. Watoto tuliwaacha kwa Consolate. Tulirudi Alhamisi, tarehe 24 Aprili, mchana. Nilimpeleka Sumaya mpaka kwake, na kabla hatujafika mlangoni tulisikia harufu.

Samaki walikuwa kwenye mabeseni nyuma ya nyumba, wamefunikwa kwa majani ya migomba na kunyunyiziwa chumvi kidogo, kama vile chumvi ya kwenye yai. Nzi walikuwa wengi. Ndani, mahali pa konjelateri palikuwa na alama ya mraba sakafuni. Kabati la vyombo lilikuwa limetolewa nje, limeachwa uani. Na ukutani kulikuwa na televisheni. Ilianza karibu na mlango wa chumba cha kulala na kuishia dirishani, imekula hata nusu ya pazia.

Sumaya aliuliza, "Konjelateri iko wapi?"

Shakuru akamjibu, "Kaa kwanza nikuonyeshe rangi."

Akauliza tena. Akaambiwa imeuzwa kwa mwenye baa mmoja. "Utanunua ingine," alisema. "Konjelateri ziko mingi. Tele kama hii haipatikane mara mbili."

Sumaya alivua viatu, akachukua jembe, akaenda kuzika samaki. Mimi nilimsaidia kubeba mabeseni. Shakuru aliongeza sauti ili tuisikie tukiwa nje.

Nataka afisa aelewe nyumba hiyo ikoje. Ni ya matofali mabichi, imepigwa lipu juu. Iko karibu na mashamba ya mpunga, na kila mvua za masika maji yanaingia. Mwaka huu yalifika magotini. Lipu inaonekana nzuri kwa mbali, lakini siku hiyo nilibonyeza ukuta chini ya televisheni kwa dole gumba na dole likaingia. Nilimwita Shakuru nikamwonyesha tundu.

"Shakuru, ukuta huu umelowa. Iteremshe."

"Apana, mama. We unajua vitenge. Hii fundi amepiga misumari mirefu."

Fundi alikuwa yeye mwenyewe.

Nilitaka kuondoka na Sumaya siku ileile. Alikataa, akasema watoto wana shule, na pia hawezi kumwacha Bi Asiya. Bi Asiya ni mama mzazi wa Shakuru. Anakaa nao, ni mtu mzima, miguu yake haimbebi vizuri. Chakula chake, maji yake ya udhu, dawa zake, vyote viko mikononi mwa Sumaya. Nikarudi Buyenzi peke yangu.

Mnamo tarehe 27 Aprili, Jumapili, kwenye saa kumi za alasiri, nilikwenda tena kumjulia hali. Nilikuta Shakuru amealika madereva wenzake kutazama mpira. Sebule ilijaa viti vya kuazima. Wanaume walikuwa wamekaa karibu na picha kiasi kwamba walilazimika kugeuza shingo kuufuata mpira kutoka goli moja hadi jingine. Mmoja alilalamika kichwa kinamuuma. Shakuru alimwambia hajazoea vitu vizuri.

Bi Asiya alikuwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, chini ya televisheni. Nilimuuliza kwa nini amekaa pale. Akasema, "Mutoto amenisogeza, mukwe wangu. Anasema pale pengine nazibia watu."

Naomba hilo liandikwe kama lilivyo. Alimsogeza mama yake chini ya televisheni ili asizuie watu kuiona.

Mimi nilikaa karibu na mlango. Sumaya alikuwa jikoni anawachemshia chai hao wageni. Goli liliingia, wanaume wote wakaruka kwa pamoja wakapiga miguu chini. Nikaona unga mweupe unamwagikia mtandio wa Bi Asiya. Nilidhani ni vumbi la dari. Sumaya aliingia wakati huo na sinia la chai. Yeye alitazama juu.

Aliliachia sinia. Alipita katikati ya viti, akainua mikono yote miwili akaishika televisheni kwa chini, akaita, "Bi Asiya, toka! Mama, muvute!" Bi Asiya hakuweza kuinuka. Nilishika pembe ya mkeka nikauvuta kwa nguvu zangu zote, naye akiwa juu yake, na akatoka. Mtu mwingine hakusogea. Walidhani ni ugomvi wa wanawake.

Kisha misumari iling'oka na kipande cha ukuta, vyote vikashuka pamoja. Sumaya alianguka upande, na televisheni ikamwangukia mkono wa kulia. Nilisikia mfupa.

Shakuru ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Nasema hivyo kwa kumtendea haki. Alipiga magoti. Aliinua televisheni, akaigeuza, akaifuta udongo kwa mkono wa shati, akatafuta kitufe. Mke wake alikuwa chini, karibu na goti lake, ameuma mtandio ili asipige kelele. Shakuru alibonyeza kitufe mara ya kwanza na ya pili. Halafu akatutazama sote, machozi yanamlengalenga, akasema, "Imezima."

Nimeishi mji huu katika miaka mibaya. Nimewaona watu waoga, nimewaona wenye roho mbaya. Lakini mwoga anamwogopa mtu na mwenye roho mbaya anamchukia mtu. Huyu aliona mtu na kioo vimelala sakafuni pamoja, akachagua kioo.

Dereva mmoja anayeitwa Landry, ambaye sikuwa namjua, alivua shati lake akaufunga ule mkono, akatafuta pikipiki na kumpeleka Sumaya hospitali. Huyo namshukuru. Mimi nilifuata. Mfupa umevunjika mahali pawili, juu ya kifundo. Daktari amesema hatabeba kitu kizito kwa miezi.

Jana asubuhi nilimchana nywele, kwa kuwa hawezi mwenyewe. Nilimchana kama nilivyokuwa nikimchana akiwa mdogo, naye akainamisha kichwa vilevile. Hakulia. Akasema, "Mama, ile ndogo ilikuwa na picha nzuri, sivyo?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ilikuwa nzuri sana. Nikaendelea kuchana.

Shakuru hakuja hospitali. Jana hiyohiyo aliibeba televisheni yake mpaka dukani Rohero. Haya nayasema kwa kuwa amenieleza mwenyewe kwa simu, akitaka nimwonee huruma. Armel alimwambia garanti ni ya mashine, ukuta haumo. Ndipo akaja hapa kituoni kushtaki kwamba mkewe aliivuta akaiangusha kwa hasira ya konjelateri, na akaniarifu kwamba familia yetu ijiandae kulipa.

Anasema ana mashahidi waliomwona Sumaya ameinua mikono na kuishika televisheni. Ni kweli. Aliinua mikono, na mimi nilimwona.

Nimeulizwa kama Sumaya alikuwa na hasira. Alikuwa nayo, na ilikuwa halali yake. Lakini mchi uko jikoni kwake. Angetaka kuivunja, angeivunja Alhamisi tulipomaliza kuzika samaki, na mimi ningemshikia mlango.

Nimeulizwa kama nina chuki na mlalamikaji. Sina. Chuki inataka mtu wa kuielekezea.

Jumapili jioni nilirudi kutoka hospitali kuwachukua watoto. Nilimkuta Bi Asiya amekaa uani juu ya kabati lililolazwa, amejifunga mtandio, kifurushi chake kiko mapajani. Ndani Shakuru alikuwa anatafuta vipande vya kioo kwa tochi. Ni yeye aliyeanza kuniambia, "Mukwe wangu, kwako kuna nafasi ya mutu anayekula kidogo?" Nikamwita Landry atafute tena pikipiki.

Tangu hapo yuko kwangu Buyenzi. Leo ametaka mwenyewe kuja, na yuko nje kwenye benchi. Mwanawe pia yuko nje. Wamekaa benchi mbili tofauti.

Niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali. Sijaongeza kitu isipokuwa dharau, na hiyo naomba isifutwe.

(Sahihi) Houda binti Tajudini

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyapokea kwa Kiswahili, lugha aliyoichagua shahidi, na nimeyaandika kama alivyoyasema. Baada ya hapo nimemwita Bi Asiya, mama mzazi wa mlalamikaji, atoe maelezo yake kwa upande wa Sumaya. Mlalamikaji alipomwona mama yake anashikwa mkono na kuingizwa chumbani, alisimama akaomba kuyaondoa mashtaka. Nimemwambia akae, asubiri.

(Sahihi) Candide, Afisa wa Upelelezi