L Ubavuni mwa Tairi

Jumatatu, 3 Februari

Tegan amepiga simu. Mwenyewe! Nilikuwa nafagia nywele za mteja wa mwisho saluni, nikadhani ni wale watu wa bima tena. Akasema mtoto ameanza kucheka, na kama tunataka kumwona tuje kabla mvua haijakata njia. "Wote wawili, mama," akasema. Nikakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, fagio bado mkononi.

Merv aliporudi kazini nikamwambia. Alikula soseji zake, akaosha sahani yake mwenyewe – maajabu – halafu akatoka nje kulizunguka gari. Miaka miwili sasa hajasema na binti yake. Tangu ile Krismasi alipomwambia Darcy, mchumba wa Tegan, mbele ya wageni, kwamba mchunga ng'ombe hana cha kumlisha mwanamke ila vumbi. Tegan akabeba begi, akamfuata mchunga ng'ombe wake hadi Warlow, shamba la ng'ombe huko kaskazini. Wakaoana bila sisi. Mimi nilikuwa napigiwa simu kwa siri, nikijibu nikiwa bafuni kama mwizi.

Sasa mzee yuko uani, anapiga teke matairi. Namjua mume wangu. Tunakwenda.

Jumatano, 5 Februari

Matairi! Merv kayapata kwa Clive, jirani wa nyuma. Yalikuwa yamelala stoo kwake tangu alipouza lori la shamba. Meno yake marefu kama ya mamba. Wamefunga manne hapohapo uani, wakilaumu kila spana kwa jina. Clive anasema haya yanapanda hata ukuta. Merv kacheka – sikumbuki mara ya mwisho kucheka vile.

Kweli, njia ya Warlow inataka matairi ya nguvu. Lami kutoka hapa mjini Alice kwenda kaskazini, nusu siku nzima, halafu unaingia vumbini, mchanga na makorongo. Nimeyasifia. Gari limepanda juu, siku hizi nahitaji kigoda kuingia.

Yana kelele lakini. Kama mzinga wa nyuki.

Alhamisi, 6 Februari

Ros alikuja saluni kupakwa rangi ya nywele. Yeye na kaka yake wana duka la matairi karibu na reli. Nikamwonyesha gari dirishani, nikajidai kidogo. Akauliza yameandikwa herufi gani. Nikamwambia mimi herufi zangu ziko kwenye chupa za shampuu.

Basi mwanamke akainuka. Karatasi za foili kichwani, shuka langu shingoni, jua la saa sita – akatoka hivyohivyo hadi maegesho, akapiga magoti kwenye lami. Watu wanapita wanatazama. Akaniita niiname. Ubavuni mwa tairi kuna vipimo vyake, halafu namba ya uzito linaoweza kubeba, halafu herufi. Herufi ndiyo mwendo. Letu lina L. L ni kilomita mia na ishirini kwa saa. Akafungua mlango wa dereva, kuna kibandiko pale ambacho nimekipita miaka yote bila kukisoma. Kinataka S. Mia na themanini.

Nikamwambia hakuna anayekwenda mia na themanini. Akasema swali si hilo. Tairi likizunguka linajikunja na kujikunjua, na kila likijikunja linapata joto. Ongeza mzigo, punguza upepo, weka lami ya Februari chini yake. Joto likizidi mpira na nyuzi za ndani vinaachana. Na hiyo L yenyewe ilipimwa tairi likiwa zima, na upepo wake kamili. Halafu akasoma tarakimu nne pembeni: yametengenezwa 2009. Yamezeeka yakiwa usingizini.

"Na njia ya kaskazini wanaruhusu mia na thelathini," akasema. "Coral, mguu wa Merv naujua."

Rangi yake ilikaa zaidi ya muda. Imetoka nyekundu ya jogoo. Hakulalamika.

Nimemwambia Merv wakati wa chakula. Akasema Ros ni muuza matairi, umeona wapi muuza samaki akasifu samaki wa mwenzake? Halafu, kwa upole kidogo: kama ni mia na ishirini, basi tutakwenda mia na ishirini. Yameisha.

Hayajaisha moyoni mwangu.

Jumamosi, 8 Februari

Tuko hai. Naanza na hilo.

Merv alitaka kulijaribu gari na mzigo wake wote: madumu ya maji, ya mafuta, majembe, kitanda cha mtoto. Kitanda! Amekichonga mwenyewe kazini bila kuniambia, amekifunika turubai. Nikaangalia pembeni.

Tukaenda kwanza kwenye mto mkavu, akapunguza upepo ili tusizame mchangani. Hapo alikuwa fundi kweli. Tukapita vizuri. Tuliporudi kwenye lami nikamwambia tujaze. Akasema tutajaza nyumbani, pampu iko chini ya mzigo wote, nani ataushusha na jua hili. Nikanyamaza. Kwa nini nilinyamaza?

Akaanza taratibu. Halafu akawa anaongea juu ya Tegan – alivyokuwa mdogo, alivyokuwa akiogopa farasi – na kila akiongea mguu unazama. Nikaona mshale umepita mia na ishirini, ukafika mia na thelathini. Nikasema Merv. Akauliza, nini?

Kwanza mtetemo, kama mtu anagonga sakafu kwa ngumi. Kisha mlio. Gari likavuta kulia, upande wa wanaokuja, likarudi, likazunguka kwenye changarawe. Vumbi. Liliposimama tulikuwa tunatazama tulikotoka. Ngozi ya tairi la nyuma ilikuwa imelala katikati ya barabara kama chatu.

Lori la matrela matatu likapita muda mfupi baadaye. Upepo wake ulilitikisa gari. Hatukutazamana.

Merv hakuweza kufungua nati. Si kwamba zilikaza. Mikono haikutulia kwenye spana. Mume na mke wazee wenye karavani wakasimama, yule mama ndiye aliyezifungua. Nilipokuwa nangoja nikaweka kiganja kwenye tairi lingine, lililobaki zima. Nikakiondoa haraka. Ningeweza kukaangia yai.

Jumapili, 9 Februari

Merv hakula. Alikaa kibarazani akitazama gari kama mbwa aliyemng'ata.

Jioni akaniambia nimpigie Tegan, nimwambie hatuji. Nikauliza nimwambie kwa nini. Akalitazama gari tena. Halafu:

"Ningekuua, Coral."

"Hukuniua. Lakini ulikuwa na haraka ya nini? Tulikuwa tunarudi nyumbani tu."

"Tangu alipopiga simu nina haraka. Naogopa atabadili mawazo kabla sijafika."

Sikupiga simu. Nimemwambia simu haina chaji. Ina chaji tele.

Jumatatu, 10 Februari

Asubuhi nimekuta ameshafungua yale matatu yaliyobaki. Matairi ya zamani yako kwenye gari tena, vipara vitupu, lakini yametufikisha mwendo wa konokono hadi dukani kwa Ros. Nilijua atamcheka. Hakumcheka. Alimletea chai na kiti.

Na Merv akauliza! Mtu ambaye hajawahi kumwuliza mtu njia. Akataka ya tope yenye Q, yaani mia na sitini – si yanazidi mwendo wetu? Ros akasema kibandiko chake kinataka S, na ajali ikitokea bima watasoma kibandiko kabla ya kusoma jina lake. Merv akauliza basi S ndiyo naweza kukimbia? Ros akasema herufi si ruhusa, ni mpaka, na mpaka unasogea ukibeba mzigo, ukikosa upepo, ukikanyaga mawe. Vumbini punguza upepo na mwendo pia. Ukirudi kwenye lami, jaza kabla hujaondoka. Hata kama pampu iko chini ya mzigo.

Hapo Merv akanitazama. Nani kamwambia Ros ya pampu? Nikajifanya nasoma kalenda.

Tumefunga matano, pamoja na la spea. Namba ya uzito inatosha, tarehe ni ya juzi, yote S. Akanunua na geji ya upepo, anatembea nayo mfukoni kama daktari.

Jumatano, 12 Februari

Mwaka huu mvua imewahi. Tegan anasema korongo la kwanza limejaa likapungua. Nilimpa Merv simu. Aliishika, akasikiliza pumzi za mwanawe, akanirudishia. "Bado," akasema. Tegan akauliza alikuwa nani. Nikamwambia baba yako, anatafuta maneno.

Ijumaa, 14 Februari

Mzigo umepangwa upya. Pampu iko juu ya kila kitu.

Halafu ufunguo. Kauweka kando ya kikombe changu. "Endesha wewe."

Mimi! Sijawahi kuendesha mbali kuliko uwanja wa ndege. Maisha yote ya ndoa nimekaa kushoto nikimega keki na kusoma ramani. Nikamwambia naogopa. Akasema na yeye, lakini mimi mikono yangu inakata nywele karibu na masikio ya watu na haijamwaga damu.

Tumefanya mazoezi kutwa. Tegan amesema njia iko wazi leo. Kesho hajui.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika nikiwa kitini kwa dereva. Kalamu inateleza kwa jasho.

Tuliondoka jua halijawa kali. Nimekwenda mia, sikuzidi. Malori yote ya kaskazini yamenipita, moja likapiga honi, Merv akapunga mkono kama mfalme. Kila tulipopumzika alizunguka gari akigusa matairi kwa kiganja, kama mama anayepima homa. "Vuguvugu," anasema. "Vuguvugu tu." Mwanzoni nilishika usukani kama ninaninginia mtini. Baada ya chai nikagundua naimba.

Tulipoacha lami tukapunguza upepo kwa geji, nikaenda polepole. Matope kidogo, mchanga mgumu. Sikuzama popote.

Na sasa korongo. La mwisho – nyuma yake ni geti la Warlow, naliona. Maji ya kahawia, yanakwenda kasi, yamebeba magogo. Yamekuja leo hii kutoka mvua ya huko juu, kwetu mbingu ni safi kabisa. Ng'ambo kuna gari jeupe. Darcy kasimama kando ya maji. Tegan yuko kivulini na kitu kidogo begani.

Nikazima injini. Nikamgeukia Merv. Gari letu ni refu, lina bomba la hewa juu ya kioo ili injini isinywe maji, na yeye ana miaka anajisifia makorongo aliyovuka. Nikangoja aseme twende.

Akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

Kashuka. Darcy kainua kiganja: msije. Merv naye kainua chake. Halafu akaanza kupiga kelele, mishipa ya shingo imetoka, lakini korongo linameza kila kitu. Aliporudi kunywa maji nikamwuliza alikuwa anamwambia nini Tegan.

"Si Tegan. Nimemwambia Darcy asithubutu kuvuka. Ana mtoto."

Darcy kaweka jiwe kwenye ukingo wa maji upande wake, alama ya kuona kama yanashuka. Merv kaona, kachomeka kijiti upande wetu. Sasa wamechuchumaa wote wawili, kila mtu na ukingo wake, wanatazama maji. Tegan ametoka kivulini. Amemwinua mtoto juu, kofia nyeupe, miguu inapiga hewa. Merv kavua kofia yake. Kijiti kina maji bado. Hapana – chini yake pameanza kuonekana tope, upana wa kidole. Sasa ananiita nije nione, na ng'ambo Darcy naye anaonyesha jiwe lake, na mimi naacha kalamu, nashuka.