Mhuri wa Imeshughulikiwa

Jumatatu, 4 Machi
Nimeficha barua miaka thelathini na mmoja. Imo ndani ya kamusi, juu ya kabati. Naandika kwa kuwa pumzi zinaniishia, na ulimi umekataa kulisema hili.

Jumatano, 6 Machi
Binti yangu amerudi kutoka kliniki na mjukuu. ADHD, wamemwambia, tatizo la umakini usiotulia. Ananisimulia huku akininywesha dawa. Wapo watoto wa kuchachawa – hao mara nyingi huandamwa pia na ukaidi na hasira. Wapo wa kimya, akili inapaa kama kishada – hao huandamwa na wasiwasi, na kusoma kukawagomea. Wengine wana yote. Mjukuu ni wa kimya.
"Baba, huyu si mimi mtupu!" Akacheka. "Ila mimi mliniita Bumbuwazi, yakaisha."
Mliniita! Jina nililitoa mimi, mwalimu mkuu, mstarini, mbele ya shule nzima. Wenzake walidakia tu.

Ijumaa, 8 Machi
Kifua. Kalamu nzito.
Daktari aliyekuja mwaka ule kupima watoto shuleni aliandika katika barua hiyo: mtoto huyu si mjinga, umakini unamtoroka, herufi zinamchanganya, na hofu imemkaa rohoni, apelekwe kwa mtaalamu upesi. Siku ile zilikuja barua tatu. Kwa mbili niliwaita wazazi, nikawahubiria – mtoto si wa kufichwa! Ya tatu nikaigonga mhuri, IMESHUGHULIKIWA, nikaenda nayo nyumbani. Mtoto wa mwalimu mkuu? Watasemaje? Binti nikamtoa darasa la sita, nikamkalisha kwenye cherehani. Watu wakanipa pole. Nikaipokea!

Jumapili, 10 Machi
Kamusi imeshushwa. Mjukuu alitaka maana ya neno la mazoezi yake. Barua ikadondoka, mama yake akaiokota. Anasoma kama siku zote – kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. Ameanza na mhuri, herufi zake ni kubwa.
"I-me-shu... Baba, huu si mhuri wako? Na hili si jina langu?"
"Nikusomee, mama?"
"Niache. Nitafika."
Yuko mstari wa pili. Hajainua macho. Naweza kumwambia kwamba daktari alitumia maneno ya kitaalamu, sikumwelewa. Ataniamini, amezoea kuniamini.
Nilielewa kila neno. Siku ileile.